Nyayo Zimeishia Kwako

Kwetu Tarime, ng'ombe akiibwa watu hufuata nyayo. Zikiingia kijijini kwenu mnaambiwa: tuonyesheni zilikoelekea zilipotoka kwenu. Mkishindwa, mnalipa nyinyi. Nimekua nikiijua sheria hiyo, ila sikudhani ingenifuata mpaka kwenye mtandao.

Nilikuwa na tovuti ndogo ya nyimbo, naiendesha kutoka kibanda changu cha Sirari. Yeyote aliweza kupandisha wimbo, na yeyote kuupakua. Mjomba wangu, mpiga litungu, ala yetu ya nyuzi, wa Gorong'a, alikuwa ameuza dume lake akarekodi wimbo aliotaka kuutoa mwenyewe, siku atakayoichagua. Kabla hajautoa, akaunti isiyo na jina ikaupandisha kwangu.

Alikuja Jumatatu asubuhi. Nilimwamkia shikamoo, hata kiti hakutaka.

"Mura, wewe kijana, wimbo wangu uko kwako. Uondoe."

"Nauondoa leo leo, mjomba."

Sikuuondoa. Wimbo ule ulikuwa unaniletea watu wa pande zote mbili za mpaka, nami nilikuwa nimelewa sifa. Kila nilipoamka nilisema kesho.

Baada ya wiki tatu niliitwa mbele ya wazee, ofisi ya kijiji. Nilikwenda kifua mbele, sheria ya mitandao nimeihifadhi kwenye simu. Nina mdomo mrefu, na siku hiyo ulinitangulia. Niliwaambia mimi ni njia tu: sikuimba, sikuiba, sikupandisha.

"Na sheria inasema mwenye tovuti hana kosa mpaka aambiwe."

Mjomba, aliyekuwa amenishtaki, akanigeukia.

"Mimi nilikuambia lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

Nilikuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Niliitaja. Mzee mmoja akahesabu wiki kwa vidole, taratibu.

"Aliyeuleta humjui," mjomba akasema. "Haya. Waliouchukua wameelekea wapi?"

Nilitazama simu. Waliopakua walikuwa wengi, na sikuweza kumtaja hata mmoja. Nikaufuta pale pale, lakini kila mtu mle ndani alijua nafunga zizi tupu.

"Sijui, mjomba."

"Basi nyayo zimeishia kwako."

Mwenyekiti wa kijiji akamuuliza anataka nilipe ng'ombe wangapi. Niliomba kimoyomoyo ataje, hata watatu, nilipe yaishe. Mjomba akasema hataki ng'ombe. Akachukua kofia yake akatoka, na mimi nikabaki pale nikiona aibu kama mtoto.

Tovuti niliifunga mwezi ule ule. Siku hizi tukikutana harusini, akiniona naingia huweka litungu chini, na watu huacha kucheza wakisubiri nitoke.