Fundo la Ngamia Kwenye Tanga

Mafuriko ya El Nino yalipowazingira watu ng'ambo ya Tana, nahodha mmoja wa Lamu aliletwa Garissa pamoja na mashua yake ya tanga awapelekee unga. Nikamwambia kamba nazijua, mimi mfunga mizigo ya ngamia. Akanikabidhi kamba ya kulegezea tanga upepo ukizidi, akasema niishike tu mkononi. Nikaona ni dharau. Nikaifunga kwa fundo letu, lile linalokaza kadiri linavyovutwa.

Upepo ulipotupiga, nililing'ata fundo kwa meno. Wapi! Mashua ikapinduka, unga wote ukazama.

Tulipoopolewa hadi ng'ambo, niliwaambia wenye njaa kwamba nahodha ndiye aliyeifunga kamba. Mama mmoja akaivuta ile kamba majini, akaigeuza mkononi.

"Fundo hii si ya watu wa bwani," akasema kwa lafudhi yetu ya wafugaji, akinitazama. "Wallahi, hii ni ya ngamia."