Katibu wa Kamati ya Maji na Sabuni Isiyotoa Povu

Kiwanda cha serikali kilipouzwa, mume wangu alipunguzwa kazini. Wenzake walijitosa kwenye biashara ya mitumba. Yeye akaleta nyumbani Buhongwa mashine ya kufulia, imetumika Ulaya hadi imechoka, lakini bado inazunguka.

"Mama watoto," akaniambia, "wenzangu wanauza nguo. Sasa nani atazifua?"

Hoja yake iliniingia, sikatai. Tukaandika neno DOBI mlangoni kwa rangi nyekundu.

Kilichotutesa ni bomba. Lilivuta maji kutoka kisima kirefu nyuma ya shule, na mtaro wake tuliuchimba wenyewe kwa zamu, wanawake kwa wanaume. Mume wangu ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya maji. Siku ya kulizindua, kamati nzima ilisimama mbele ya watu, kila mjumbe akanywa glasi yake na kutangaza kwamba maji ni matamu. Nilimtazama mume wangu akimeza. Uso ulimkunjamana kama anayetafuna klorokwini, kisha akapiga makofi.

Kwa macho maji yalikuwa safi kabisa. Ukitia sabuni, hakuna povu. Inabaki mabonge-mabonge juu ya maji kama maziwa yaliyokatika. Jagi letu la umeme lilijenga ukoko mweupe ndani, mgumu kama saruji, na chai ikawa inachelewa mpaka watoto wanaondoka bila kunywa. Pasi ya mvuke nayo ilitema unga mweupe kwenye suruali nyeusi ya mwalimu mkuu. Niliipangusa, nikaipiga pasi, pasi ikautema tena unga wake. Nilitamani kuitupa barabarani.

"Ni sabuni," mume wangu akasema. "Siku hizi kila kitu feki."

Ilikuwa rahisi kumwamini, maana maduka yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi na kila nchi. Tulizijaribu zote. Mwishowe akamfuata mwenye duka wa jirani, akamwita mwizi mbele ya wateja wake. Mzee wa watu akaendelea kupima sukari ya mteja. Mimi ndiye niliyeendelea kununua chumvi dukani kwake huku nikiangalia chini.

Wateja wakapungua, tukabaki tukitegemea majoho ya kwaya. Krismasi tuliyarudisha yamekuwa na rangi ya majivu. Kiongozi wa kwaya, mama mpole sana, alituletea tena kabla ya Pasaka, akasema polepole kwamba yakirudi vile tena, atayapeleka kwa dobi wa Nyegezi. Bila majoho yale tungefuta lile neno mlangoni.

Juma hilohilo mashine ikanuka moshi, ikanyamaza. Fundi alipoifungua, hita yake ilikuwa imevikwa ukoko mnene, imepasuka katikati.

"Umeona?" nikamuuliza mume wangu. "Au na hita nayo ni feki?"

"Umeme wao unapanda na kushuka," akajibu.

Nilihisi damu inanipanda kichwani. "Baba watoto, twende ziwani Nyegezi tukachote maji."

"Ziwani kuna kichocho."

"Tutayachemsha."

"Katibu wa kamati nionekane na dumu ziwani? Mtaa mzima unicheke?"

"Na Pasaka kwaya ikiimba na majoho ya kijivu, watakupigia makofi?"

Baadaye akaja na mpango: twende Jumapili ya Matawi, wakati wa ibada, watu wote wakiwa kanisani. Nilitaka kucheka, nikajizuia. Tukafunga madumu kwenye baiskeli, tukateremka hadi Nyegezi kwa njia za nyuma, yeye kofia imemfunika macho.

Tulipofika ufukweni, mwenyekiti wa kamati alikuwa amekunja suruali, maji yamemfika magotini.

"Shikamoo, mwenyekiti," mume wangu akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, katibu. Nimekuja... kuosha baiskeli."

Baiskeli yenyewe ilikuwa kavu, imebeba madumu mpaka inainama. Nikageuza uso nisimwaibishe, nikaona dumu la njano limechungulia nyuma ya jiwe kubwa, na juu ya dumu, kilemba cha mweka hazina. Kamati ilikuwa imetimia, ingeweza kufungua kikao. Hakuna aliyemuuliza mwenzake habari za ibada. Kila mmoja akachota haraka na kushika njia yake.

Nyumbani nilichemsha maji, nikayamimina kwenye beseni, tukaingiza joho la kwanza. Mume wangu akalisugua kwa sabuni ileile ya duka la jirani. Povu likaumuka, likafunika mikono yake mpaka viwiko, likamwagikia miguuni. Joho likatoka jeupe. Nilimwangalia huku nikisubiri, nimeweka maneno yangu tayari mdomoni, miezi yote ile ya hasira.

Alisimama akiitazama mikono yake muda mrefu, mpaka povu likaanza kukauka.

"Kumbe yule mzee hakuniuzia feki," akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Akajifuta kwenye suruali, akatoka kwenda dukani kumwomba radhi. Maneno yangu nikayameza. Bomba hakulitaja siku ile, na hajalitaja hadi leo.