Mwani wa Mama Zawadi

Mpaka leo nikipita Chiwata watoto wananiita Mwani, na siwezi hata kukasirika, maana jina hilo nimejipa mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu, mbele ya wazazi wa shule nzima.

Mwalimu Masanja wa Jiografia (mtu wa Mwanza, kakulia ziwani) alitufundisha kukisia mwani kwa picha za setilaiti: mwani una rangi ya kijani iitwayo klorofili, kwa hiyo maji yakizidi ukijani ujue mwani umezidi. Mimi nikapewa lambo la Chiwata, na nikifanya vizuri siku ya wazazi, safari ya maonyesho ya sayansi Newala ni yangu.

"Ila setilaiti inakisia tu," alisema. "Nenda kachote maji ulinganishe."

Nikaenda? Thubutu! Jua linawaka, mabibo yamedondoka njia nzima, nikakaa chini ya mkorosho nikafyonza mpaka shati likawa na madoa kama ramani, nikarudi na chupa tupu.

Siku ikafika. Tumeshashiba ugali na matembele, nikasimama na picha yangu, lambo lote kijani kibichi, nikapaza sauti kama mhubiri: "Wazazi wetu, klorofili imepita kiasi! Lambo limejaa mwani! Asiyetaka kuharisha asiguse kitu cha pale!"

Mama Zawadi, aliyetupikia, akainuka taratibu akikaza khanga.

"Lambo lipi, mwanangu?"

"La Chiwata, mama."

"Mbona limekauka siku nyingi? Mle ndani nimepanda matembele."

"Lakini mama, setilaiti imeona..."

"Imeona matembele yangu! Na huo mwani umeula sasa hivi, sahani mbili, ukaniomba na ya tatu!"

Jamani, watu walicheka! Mwalimu mkuu alishikilia nguzo asianguke. Mimi nikaanza kukunja picha yangu, Newala naiona inayoyoma.

"Wewe, njoo," Mwalimu Masanja akaniita akijifuta machozi. "Setilaiti haikudanganya, klorofili ipo kweli. Newala utakwenda, ukawaeleze kwa nini tunachota maji kwanza. Na matembele ubebe."

Nikapanda nayo Newala, fungu zima kwapani, wakacheka kuliko wazazi wetu, wakanipigia makofi mpaka nikajiona mtu. Ila tangu hapo, maji yoyote yale, sitamki neno kabla sijayatia mguu.