Fenda za Gari la Kerry

Mzee alishusha mabati matatu ya gari alilofia mwanawe, akayapanga kwenye sakafu ya gereji yangu, akaniambia, "Nitengenezee fenda."

Nilidhani nimesikia vibaya.

Naitwa Royce Haberman. Nina miaka hamsini na mbili. Naishi Nebraska, mji mdogo ambao ukipiga chafya ukiwa huku, wa upande wa pili anakuambia pole. Kazi yangu ni kuunda bodi za magari kwa mkono. Mtu anaokota chasisi ya zamani, anatafuta injini anayoipenda, anajiundia gari lake nyumbani. Akifika kwenye bodi anakwama, ananiletea mimi.

Ninachoandika hapa kimeivunja familia yangu. Nakiandika hivyohivyo.

Huyo mzee anaitwa Orrin Vavra. Miaka sabini na nane, mrefu, mkavu, kofia ya kampuni ya mbegu haitoki kichwani. Nilikuwa namjua kwa sura tu. Kila mtu hapa anajua kwamba mwanawe Kerry alikufa miaka kumi na tisa iliyopita. Pikapu yake ilipinduka mchana kweupe kwenye barabara ya mashambani. Gari lililomgonga halikusimama, wala halikupatikana.

"Kerry alikuwa anajiundia gari," mzee akasema. "Limebaki ghalani kwangu. Limekamilika kila kitu ila fenda za mbele. Nataka kulimaliza."

"Sawa, mzee. Lakini haya mabati..."

"Ni ya pikapu yake. Boneti, paa, na ubavu wa nyuma wa kushoto."

"Nikuagizie bati jipya. Haya yamepigwa pigwa, yatanisumbua, na wewe yatakuchelewesha."

"Nimesema nina haraka?"

Nikainua boneti, nikaigeuza.

"Fenda zitoke kwenye mabati haya," akasema. "Au nipeleke kwa mwingine?"

Basi nikakubali.

Kwa wasiojua, fenda ni lile bati linalofunika tairi. Kwenye magari ya zamani imevimba kama bega la mtu aliyeshiba. Hakuna hata sehemu moja iliyo bapa. Unakata bati, unaliweka juu ya mfuko wa mchanga, unaligonga kwa nyundo ya mti mpaka litumbukie. Halafu unalipitisha katikati ya magurudumu mawili ya chuma, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka zile alama za nyundo zilainike. Ukikosea kidogo, linachanika.

Nilianza na ya kulia. Nikatumia boneti.

Mzee akawa anakuja kila Jumanne na Ijumaa. Anafika saa tatu asubuhi na chupa yake ya kahawa, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananitazama. Haongei. Mke wangu Joleen akileta pai ya cheri, anakula nusu, anasema asante, anarudi kunitazama.

"Huyu mzee ananiogopesha," Joleen aliniambia siku moja. "Anakuangalia wewe, haangalii kazi."

"Amefiwa, mama. Muache."

Siku moja nikagonga vibaya, ukingo ukachanika. Nikatupa nyundo, nikajitukana. Halafu nikakumbuka lile bati ni la nani. Nikamgeukia.

"Samahani, mzee."

Akanitazama usoni. "Chomelea, uendelee," akasema.

Fenda ya kulia ilitoka safi. Sijisifu, lakini ilikuwa safi, aisee. Mzee aliipitishia kiganja, akachukua chupa yake, akaondoka.

Ikabaki ya kushoto. Nikachukua ule ubavu wa pikapu. Ulikuwa umejaa tope na vumbi la ghala. Asubuhi ya Jumatano, nikiwa peke yangu, nikauosha kwa maji na sabuni.

Rangi yake nyeupe ikajitokeza. Karibu na kona palikuwa na mbonyeo mrefu, pale alipogongwa.

Na ndani ya ule mbonyeo palikuwa na mstari wa kijani.

Nikaleta taa. Nikaufuta kwa kitambaa. Kijani iliyokoza, na ndani yake chembechembe za dhahabu.

Nilikaa chini palepale kwenye maji, ule ubavu mapajani.

Ile rangi niliichanganya mimi. Niliichanganya kwa jicho, kwenye ndoo moja, wala sikuandika vipimo popote. Ilipakwa kwenye gari moja tu duniani, gari alilojiundia mdogo wangu Duane alipokuwa na miaka ishirini na minne.

Na kuna jambo jingine. Hili sikuwahi kumwambia mtu, hata Joleen.

Mwezi uleule aliokufa Kerry, Duane aliniletea gari lake. Fenda ya mbele kulia ilikuwa imebonyea.

"Nimegonga kulungu," akasema.

Huku kwetu kila mtu amewahi kugonga kulungu. Hakuna anayeuliza mara mbili.

Nikaivua fenda, nikaigeuza kwenye mwanga. Hapakuwa na unyoya. Hapakuwa na damu. Palikuwa na rangi nyeupe imesagika ndani ya mkunjo.

Kulungu hana rangi nyeupe ya gari.

Niliiona, jamani. Niliiona kwa macho haya. Nikasubiri kama pumzi tatu hivi. Halafu nikachukua msasa, nikaifuta, nikanyoosha bati. Duane akasema amechoka na kijani, anataka nyeusi. Nikalipaka nyeusi.

Miaka kumi na tisa nimekuwa nikijiambia kwamba sikuwa na uhakika.

Sasa uhakika ulikuwa mapajani mwangu.

Nisiwafiche. Nilisimama nikachukua grainda, ile mashine ya kusagia chuma. Nikaiwasha. Kazi yenyewe ilikuwa inataka hivyo, lazima rangi yote itoke kabla ya kuligonga bati. Hakuna ambaye angeuliza. Dakika mbili tu na huo mstari unakuwa vumbi.

Joleen akachungulia mlangoni. "Mbona umelowa?"

"Maji yamemwagika."

"Na mbona unatetemeka?"

"Grainda," nikamwambia.

Alipoondoka nikaizima.

Nikaenda kwa Duane. Ana duka la vipuri vya matrekta, ana mke, ana mabinti wawili, kanisani ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka. Nilimkuta nyuma ya duka anapanga mikanda ya mashine.

"Dogo, nina ubavu wa pikapu ya Kerry Vavra gereji kwangu."

Hakuuliza kwa nini. Akaweka mkanda chini taratibu.

"Ule ubavu una kijani ya gari lako," nikasema.

Duane alikaa juu ya boksi. Uso wake ulizeeka mbele yangu.

"Nilikuwa nimekunywa bia tatu. Mchana. Nilikuwa nampita, nikarudi upande wake mapema mno. Nilimgusa tu, Royce. Kidogo tu. Nikaangalia kwenye kioo, nikaona vumbi."

"Ukaenda zako."

"Nilidhani ametoka nje ya barabara tu. Jioni nikasikia kwenye redio."

"Na ukaja kwangu na kulungu."

Akainua kichwa. "Na wewe ukaamini?"

Alikuwa anajua jibu. Ndugu yako anakujua.

"Unayo grainda," akasema kwa sauti ya chini. "Royce, kaka yangu, nakuomba. Mabinti zangu."

"Kerry naye alikuwa mtoto wa mtu."

"Uliifuta wewe ile nyeupe! Wewe na mikono yako! Mimi nikizama, unazama na wewe."

"Najua," nikamwambia. "Basi twende wote. Ijumaa mzee anakuja saa tatu. Njoo useme mwenyewe."

Ijumaa ikafika. Saa tatu ikafika. Duane hakuja.

Mzee Orrin akaingia na chupa yake ya kahawa, akaelekea kwenye ndoo.

"Mzee, kabla hujakaa," nikasema.

Akasimama.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri. Yote yakanikimbia. Nikamvutia ule ubavu, nikamwonyesha mstari. Nikamwambia rangi niliichanganya mimi. Nikamwambia habari ya kulungu, na ile nyeupe niliyoifuta.

Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia bati.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Mdogo wangu. Duane."

"Duane," akarudia, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. Ndipo akakaa.

"Mimi nilidhani ni wewe," akasema.

"Nini?"

"Huo mstari ninao miaka kumi na tisa. Unadhani sijauona? Niliwaonyesha polisi, wakasema magari ya kijani ni mengi. Nikaenda kwenye maonyesho ya magari kaunti nzima nikiutafuta. Halafu kiangazi hiki nimekaa kwa kinyozi, nainua macho ukutani, kuna picha ya zamani. Gari lenye rangi hiyo. Na wewe umekaa kwenye usukani, unacheka."

Nikaikumbuka ile picha. Duane ndiye aliyeipiga. Alinisukumia ndani ya gari lake, akasema hata aliyechanganya rangi apate picha.

"Kwa hiyo uliponiletea mabati..."

"Nilikuletea uyaone. Nilitaka nikuone ukiyaona." Akafuta mdomo. "Wiki mbili za kwanza nilikuwa na bunduki chini ya kiti cha gari, hapo nje."

Joleen alikuwa akimletea pai wiki hizo.

"Mbona hukuitumia?"

"Siku ile ulipochana bati, ukaniambia samahani. Nikajiuliza, mtu aliyemuua mwanangu anawezaje kuniomba radhi kwa bati? Nikairudisha bunduki nyumbani. Nikasema nisubiri, nione atafanya nini akifika kwenye mstari."

"Na kama ningeusaga?"

Akasimama, akavaa kofia vizuri.

"Usiniulize hilo, kijana."

Polisi wa kaunti walikuja mchana uleule wakauchukua ule ubavu. Duane aliulizwa maswali siku moja tu, akakubali kila kitu. Hata mimi niliulizwa. Halafu mwendesha mashtaka akatuita, akatuambia miaka imepita mingi mno, kesi haiwezi kufika mahakamani. Wala yake, wala yangu.

Mngedhani tulishangilia. Duane alitoka pale akatapika kwenye maegesho.

Mji mzima ulijua kabla ya jua kuzama. Kanisani kikapu kilipewa mtu mwingine. Kwangu wateja wawili walikuja kuchukua magari yao yakiwa nusu nusu, hawakusema sababu. Na mama yetu, ana miaka themanini na moja, alinifungia mlango. Aliniambia kupitia wavu wa dirisha, "Mmoja wenu alikosea akiwa mtoto. Wewe umekosea ukiwa mtu mzima." Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Novemba, tulikula mimi na Joleen peke yetu, hatukumaliza hata paja la bata mzinga.

Nilidhani mzee Orrin naye sitamwona tena.

Wiki ya pili ya Desemba akaja. Jumanne, saa tatu. Nyuma ya gari lake kulikuwa na bati jipya, linang'aa.

"Tumia hili kwa ya kushoto," akasema.

"Ulitaka liwe la Kerry."

"La Kerry lilishamaliza kazi yake."

Akakaa kwenye ndoo yake. Safari hii, nilipokuwa nagonga, alikuwa anaangalia kazi.

Tulilimaliza gari la Kerry mwezi wa tano. Aliliendesha mwenyewe kutoka gereji kwangu, polepole, dirisha limefunguliwa. Hakuniomba nipande, na sikutarajia.

Juni, jirani yake aliniambia alimwona Duane amesimama nje ya geti la akina Vavra, mikono mfukoni. Mzee alitoka. Waliongea pale getini karibu saa nzima. Walichoongea sijui. Hakuna aliyeniambia, na sijauliza.

Sasa wewe unayesoma hii. Labda na wewe uliwahi kuona kitu, ukakipa jina jingine ili ulale. Mimi nilikiita kulungu. Nisikudanganye kwamba ukisema utajisikia mwepesi. Sijajisikia mwepesi hata siku moja. Lakini kulikuwa na mzee aliyeishi miaka kumi na tisa akitazama kila dereva kama muuaji, na hiyo miaka yote ningeweza kumwondolea kwa sentensi moja. Kama na wewe una mzee wako wa namna hiyo, yuko mahali anasubiri. Nenda kamwambie akiwa angali hai.

Mama bado hajanifungulia. Jumapili nitaenda kugonga tena.