Kupiga Soya

Mjini Qingtan kila kitu hupigwa. Maji ya kisimani hupigwa, sweta hupigwa kwa sindano, simu hupigwa, chafya hupigwa, hata mwavuli hupigwa ndipo ufunguke. Katika maandishi ya huko, herufi ya vyote hivyo ni moja tu: alama ya mkono kushoto, ya msumari kulia. Na soya, ule mchuzi mweusi wa kuungia chakula, enzi za watu wenye adabu, ilipigwa kwa upawa kutoka mtungini, mteja kaja na chupa yake.

Mzee Yan Bingwen, aliyejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia chumvi, ndiye wa mwisho kuiuza hivyo. Wengine siku hizi hununua maji meusi yenye lebo, wakayaita soya. Asubuhi ile Bi Geng wa ofisi ya mtaa alikaa dukani, kalamu mkononi. Asipoona mteja hata mmoja wa kupiga soya kufikia saa sita, duka linafungwa.

Saa sita kasorobo mvua ikashuka. Binti mmoja akakimbilia mlangoni na kikombe chake cha chai ya maziwa.

"Umefuata nini, mwanangu?" Bi Geng akauliza.

"Mimi? Napiga soya tu, shangazi."

Bi Geng akaandika: mteja mmoja. Akapiga mhuri. Mzee Yan, machozi yakimlengalenga, akashika upawa.

"Chupa iko wapi?"

"Chupa gani, babu?"

"Si umesema unapiga soya?"

Binti akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Babu nawe! Siku hizi kupiga soya ni kupita tu. Yaani, mambo yenu hayanihusu!"

Mzee akahisi kama kapigwa kofi. Maisha yake yote amesahihisha watu. Hata barua ya mapenzi aliwahi kumrudishia mchumba wake ikiwa na wino mwekundu. Ulimi ukamwasha.

"Anasemaje?" akauliza Bi Geng, ambaye sikio lake moja ni pambo tu.

Mzee Yan akautazama mhuri. "Anasema ana haraka."

Kisha akamwinamia binti. "Kunywa."

"Ninywe nini?"

"Hiyo chai, umalize. Neno umeshalitamka, mhuri umeshapigwa. Sasa utapiga soya kama watu."

"Babu, mimi hata kupika sijui!"

"Hilo kamuulize mama yako."

Akamjazia kikombe mpaka pomoni. Binti akatoka mvuani kakishika kwa mikono miwili, hatua fupi fupi, akichunga isimwagike, kama walivyotembea watoto wa mtaa ule wakitumwa soya, mtaa ulipokuwa mtaa.