Mteja wa Pamba Masikioni

Hapa yadini, tunakouza magari, tunamwita Bwana Pamba. Wengine wanaotafuta gari la familia hufungua boneti, hupiga tairi teke, huuliza linakula mafuta kiasi gani. Yeye hufungua mlango wa nyuma, hukaa, hufunga mkanda, kisha hutoa pamba mfukoni na kuziba masikio yote mawili, taratibu, kwa vidole vinene vilivyozoea kazi. "Twendeni, ndugu zangu. Nyinyi huko mbele pigeni soga zenu tu, msinijali." Lile jipya kabisa alilikataa, viti vya mbele virefu kama ukuta, alisema. La kijivu, lililotumika, nalo linanguruma mno. Kila mara hushuka, hutikisa kichwa na kuirudisha pamba yake mfukoni kama kitu cha thamani.

Leo tulimtembeza kwenye lile jeupe, nalo limetumika, viti vyake vifupi. Nilikuwa nimeshamchoka. Nikamwambia mwenzangu aliyeshika usukani, kwa sauti ya chini, "Huyu hanunui kitu. Anapenda tu kupandishwa magari ya bure."

"Hili ndilo!" sauti ikatoka nyuma. Nikageuka. Pamba bado ilikuwa masikioni, na tabasamu limemjaa uso mzima. "Mama yangu hasikii vizuri siku hizi. Yeye hukaa nyuma, na tukiongea mbele asipotusikia, anadhani tunamsengenya." Akaniinamia, akanigusa bega. "Hebu rudia ulivyosema, mwanangu, ila safari hii punguza sauti kidogo."