Bao Nililolipanga kwa Uongo

Mimi Filemoni, mtu wa Kilolo, ni mpiga chapa. Nimewapigia watu barua za kila namna: za kuomba uhamisho, za posa, za kumsuta shemeji. Kila barua niliiwekea kabonkopi. Mtu akija mwezi unaofuata akilia kwamba ya kwake imepotea, namtolea nakala na kumwambia, "Karatasi haipotei kwa Filemoni." Hayo ndiyo yalikuwa majivuno yangu. Sikilizeni basi nilivyoumbuka.

Mwaka sabini na saba taipureta yangu ilikaa kwenye baraza moja karibu na soko la Iringa. Hatua mbili kutoka kwangu aliketi Mzee Mrisho, fundi saa, ambaye baba yake alitoka pwani. Alikuwa na uwezo wa kufungua saa ndogo ya kike, akaziacha skrubu zake kwenye kisahani, akaenda kuswali, akarudi na kuifunga yote bila kubabaika. Alasiri alicheza bao na Halfani, mfanyabiashara wa mchele. Miaka minane hakuwahi kumfunga hata mara moja, na Halfani hakumwacha apumue. "Fundi, wewe shika saa. Bao waachie wenyewe!"

Siku moja bao likamgeukia Halfani. Sote tuliona. Alikuwa amebakiwa na kete za kuhesabika, jasho linamtoka, mara lori lake likapiga honi: safari ya Usangu kupakia mchele. Akainuka. "Tutamalizia nikirudi." Ubao ulikuwa wa baraza zima, haukuweza kukaa wiki tatu umeshikiliwa na watu wawili. Mzee Mrisho akaniita, "Karani, liandike bao letu lilivyo." Nikaliandika shimo kwa shimo, yote thelathini na mawili, kila shimo na idadi ya kete zake. Kabonkopi sikuweka. Nilijiambia ni bao tu, si mirathi ya mtu.

Karatasi zilikuwa adimu siku zile. Wiki ya pili akaja mama mmoja anataka barua kwa mwanawe aliye mbali, na mimi sina karatasi safi hata moja. Nikavuta moja kutoka chini ya rundo, nikaigeuza upande mtupu, nikapiga barua, nikaitia kwenye bahasha. Mama akashukuru, akaenda zake posta. Siku Halfani aliporudi, nikaitafuta karatasi ya bao, nikapekua, nikapekua tena, ndipo nikakumbuka. Loo! Bao lilikwenda posta, nyuma ya barua ya yule mama.

Neno la kusema lilikuwa moja tu: imepotea, nisameheni. Wangegombana kidogo, wangeanza bao jipya, yakaisha. Lakini baraza lilijaa watu waliokuja kumwona Halfani akifungwa, na wote walikuwa wamenisikia nikijitapa. Nikachukua barua ya mtu mwingine, nikaishika karibu na kifua, nikajifanya nasoma. Nikapanga kete kwa kubahatisha. Mwishoni zikanibaki sita mkononi, nikazitia harakaharaka upande wa Halfani.

Mzee Mrisho akautazama ubao muda mrefu. "Hapa palikuwa na nne."

"Karatasi inasema mbili, mzee."

"Na hapa palikuwa patupu."

"Karatasi, mzee, si mimi."

Hakuomba kuiona. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Alisema tu, "Kama wewe ndiye uliyeandika, basi kichwa changu ndicho kimekosea." Wakacheza, akafungwa. Halfani akapiga makofi, "Uzee huo, fundi!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao.

Kuanzia hapo mzee akaanza kujiogopa. Alifunga saa, akaifungua tena kuhakikisha, akaifunga, akaifungua. Alirudi nyumbani mara tatu kutazama kama amezima jiko. Siku moja alimrudishia mteja saa yake na kumwambia, "Mpelekee mwingine, mimi sijiamini." Nilisikia kila neno. Kila asubuhi nilijiapiza leo nitasema, na kila jioni nilifunika taipureta yangu nikaenda nyumbani. Mwishowe alivigawa vyombo vyake vya kazi, na binti yake Waridi akaja kutoka Mbeya kumchukua. Mbebaji wa begi mpaka stendi nilikuwa mimi. Mzee akanishika mkono akasema nimekuwa jirani mwema. Nilitamani ardhi inimeze.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilinichukua miezi mitatu, na basi la kutwa nzima hadi Mbeya.

Waridi alikuwa anakaa mtaa wa Soweto, mjini humo. Nilimkuta mzee sebuleni, amekonda. Nilipomwamkia, binti ndiye aliyemwambia mimi ni nani. Chai ilipoletwa, aliipoza mwenyewe, akamshikisha kikombe kwa mikono miwili. "Tusipomwangalia atajiunguza, kaka Filemoni. Kichwa hakimo tena."

Nikashindwa kunywa. Nikasema yote: barua ya yule mama, karatasi ya uongo, kete sita. Nililia, mtu mzima mimi, kamasi zinanitoka. Waridi alishika mdomo.

 Mzee Mrisho akafumba macho, akaanza kutaja mashimo, moja baada ya moja, na kete za kila shimo, upande wake wote, halafu upande wa Halfani. Hakusita hata mahali pamoja. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole. Alipomaliza, zilitimia sitini na nne.

"Ndivyo lilivyokuwa?" aliniuliza.

"Nadhani ndivyo, mzee. Mimi sikumbuki."

"Mimi nakumbuka." Akaweka kikombe chini. "Karatasi hupotea, Filemoni. Hilo silo lililoniuma. Ulikuwa umekaa hatua mbili tu, unanitazama ninavyojiogopa."

Nikapiga magoti kumwomba radhi.  Mzee akainuka, akavaa kofia na viatu, akashika mlango. Waridi naye akainuka upesi, akavuta kanga yake kichwani, maana mzee hakuwa akitoka bila yeye.

"Kaa, mwanangu," mzee alimwambia. "Miezi mitatu unanisindikiza mpaka chooni. Leo naenda msikitini peke yangu."

Akatoka. Waridi akakaa, akanitazama, wala hakunikaribisha tena chai.